Mibuni na Tegesha

Nyamongo, wilayani Tarime mkoani Mara, Tanzania, kando ya mgodi wa dhahabu wa North Mara, kuna vijumba ambavyo hakuna mtu aliyewahi kulala ndani yake. Nguzo nyembamba za miti, mabati mepesi, mlango mmoja, basi. Hakuna mafiga wala jivu, hakuna njia iliyokanyagwa kuelekea kisimani. Ubavuni mwake miche imepandwa imebanana, hatua moja baina ya mche na mche, upandaji ambao mkulima anayetarajia kuvuna hawezi kuufanya. Wenyeji wanauita mtindo huo tegesha. Mtu anasikia fununu kwamba mgodi utapanua eneo, anawahi kujenga na kupanda kabla mthamini hajafika, kwa kuwa fidia huhesabiwa kwa kilichosimama juu ya ardhi.

Viongozi wamekuwa wakiilaani tegesha kwa miaka mingi, na sina nia ya kuitetea. Ni kazi, mbao na fedha vinavyotupwa. Ila anayeishia kuwaita watu wa Nyamongo matapeli hajajibu swali lenyewe. Wakurya ni wakulima na wafugaji wa siku nyingi, wanajua nyumba ya kudumu inavyojengwa na shamba linavyotunzwa. Kwa nini basi mtu mwenye akili timamu aone faida zaidi katika nyumba isiyokalika kuliko katika nyumba yake mwenyewe?

Jibu liko katika utaratibu. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe upesi. Katika utekelezaji, shamba likishathaminiwa mwenyewe huambiwa asiliendeleze tena: asiongeze chumba, asipande mazao ya kudumu, asubiri. Kusubiri huko kulizoeleka kiasi kwamba sheria ya uthamini ya mwaka 2016 ililazimika kuweka ukomo. Malipo yakipita miezi sita yadai riba, na uthamini ukifikisha miaka miwili bila kulipwa ufanywe upya. Miaka miwili ni misimu minne ya mahindi. Aliyekuwa na shamba la kweli anakaa misimu yote hiyo akiwa amefungwa mikono, wakati aliyetegesha hana anachopoteza, kwani hakutarajia kuvuna chochote pale.

Sura hii inahusu hali hiyo, na haiishii Nyamongo. Wilaya za Tarime na Serengeti zina dhahabu, kahawa, mahindi, ng'ombe na mbuga ambayo dunia nzima inaijua. Kwa hesabu ya mali zilipaswa kuwa mbali sana. Kilichozirudisha nyuma, kwa maoni yangu, ni kwamba serikali na soko, kila kimoja kwa njia yake, vimewafundisha watu wa huku kutoweka fedha wala jasho katika jambo linalochukua muda.

Mbuni ndio kipimo kizuri cha jambo hilo. Mche wa arabika ukipandwa leo kwenye milima ya Tarime hauanzi kulipa mpaka mwaka wa tatu au wa nne. Baada ya hapo, ukipogolewa na kutiwa samadi, huzaa kwa miaka thelathini na zaidi. Anayepanda mbuni anaweka imani yake kwa watu asiowajua: waziri ajaye, mnunuzi ajaye, bei ya New York ya mwaka ujao. Tutazame jinsi imani hiyo ilivyotunzwa.

Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na ilipofika 1977 bei ya kahawa duniani ilikuwa imepanda kuliko wakati wowote uliokumbukwa. Hiyo ndiyo ingekuwa neema ya Tarime. Lakini Mei 1976 serikali ilikuwa imevunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima na kukabidhi mazao kwa mamlaka zake. Kahawa ikawa mikononi mwa Mamlaka ya Kahawa. Mkulima alilipwa kwa kuchelewa, baada ya kodi na makato, na kwa shilingi ambayo serikali iliishikilia kwa thamani isiyokuwa nayo. Kisha Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Chama chake kimevunjwa, mlango umefungwa, na bei iko juu kuliko siku zote. Yote hayo yalimkuta mkulima wa Tarime ndani ya miezi isiyofika kumi na miwili.

Kahawa ikavuka usiku. Isingeweza kufanya vinginevyo. Upande wa pili wako Wakurya wenzao, lugha ile ile, koo zile zile, waliotenganishwa na mstari ambao Waingereza na Wajerumani waliuchora mwaka 1886 kabla hawajaukanyaga. Miaka hiyo hiyo kahawa ya Uganda ya Idi Amin ilikuwa ikimiminika Kenya kupitia soko la Chepkube, huko Bungoma, kwa sababu zile zile. Popote serikali ilipomlipa mkulima sehemu ndogo ya bei na kumtaka awe mzalendo kwa sehemu iliyobaki, gunia lilijitafutia njia. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulikaa umefungwa hadi Novemba 1983, mwaka ule ule Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza msako wa wahujumu uchumi. Sabuni na sukari vilikuwa vimeadimika madukani Tarime, navyo vilipatikana kwa wingi mwendo wa saa chache kwa miguu. Aliyekwenda kuvichukua aliitwa mhalifu.

Ni rahisi kutoka hapo na kusema dawa ni kuliachia soko. Mtu wa kahawa hawezi kukubali hivyo, kwa kuwa amelionja. Vyama vya ushirika vilirudishwa mwaka 1984 vikiwa dhaifu na vyenye madeni. Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa migao ya kahawa kwa nchi zinazozalisha ulivunjika, na katika miezi michache bei ikaanguka kwa karibu nusu. Mwaka 1994 wafanyabiashara binafsi waliruhusiwa kununua kahawa vijijini. Walikuja na fedha taslimu, jambo ambalo mkulima alikuwa amelisahau, na kwa muda ushindani wao ulimsaidia. Halafu Vietnam na Brazil zikajaza maghala ya dunia. Ilipofika 2001 bei ilikuwa imeshuka mno, na kwenye vihamba vya Tanzania, kuanzia Kilimanjaro hadi Mara, watu wakang'oa mibuni wapande mahindi, migomba na maharage. Wengine waliiacha isimame lakini wakaacha kuihudumia, ikaliwa na chulebuni na kutu ya majani. Soko halikumuuliza mtu alipanda lini.

Soko la kijijini lina ubaya wake pia. Mwenye shida ya ada ya mtoto wiki hii huuza kahawa ikiwa bado maua. Kagera wana jina la biashara hiyo, butura, na haikosekani popote kunakolimwa kahawa na mkopo wa benki haufiki. Mnunuzi anatoa fedha leo kwa robo ya thamani na kungojea mavuno ya mwenzake. Mwaka 2018 serikali, ikitaja ulanguzi wa namna hiyo, iliwaondoa wanunuzi binafsi vijijini na kuamuru kahawa yote ipitie vyama vya msingi hadi mnadani. Nia yake naiheshimu. Lakini mnada ulikuwa Moshi, upande wa pili wa Serengeti, na malipo yalikuja baada ya mnada, huku Migori, Kenya, iko jirani kabisa na fedha inalipwa mkononi. Amri haikumletea mkulima mkopo wa ada. Ilimwondolea mtu mbaya aliyekuwa akimkopesha na kumwacha bila wa kumkopesha, na hapo njia za panya zikapata wateja upya.

Hesabu mabadiliko hayo kwa umri wa mbuni mmoja. Uliopandwa mwaka 1974 ulikuta ushirika, ukaona mamlaka ya serikali, ukaona ushirika tena, ukaona wanunuzi binafsi, ukaona ushirika kwa mara ya tatu, na bado ungeweza kuwa unazaa. Kila badiliko lilikuwa na hoja yake. Yakiwekwa pamoja, yanamfundisha kijana wa Muriba, huko Tarime, kwamba zao la miaka thelathini ni mchezo wa bahati nasibu, akili ni kulima cha miezi mitatu au kununua bodaboda.

Cha miezi mitatu nacho kina mtihani wake. Nimekaa Sirari siku za mavuno, pale barabara ya lami inapoingia Isebania, upande wa Kenya. Mahindi huja kwa bodaboda kutoka vijijini, gunia limefungwa nyuma kwa mpira hadi dereva hana pa kuegemea. Mnunuzi hapimi kwa mizani. Anatazama kichwa cha gunia, lile lumbesa lililoshonewa kilemba juu, linalopita kilo mia kwa mbali, na analipa bei ya gunia moja. Ng'ambo, mahindi hayo hayo yanafunguliwa na kufungwa upya katika magunia ya kilo tisini, kipimo cha Kenya. Faida inazaliwa kati ya vipimo hivyo viwili, hata kabla ya tofauti ya bei. Sheria ya Vipimo inakataza lumbesa, na kila msimu kiongozi fulani huikataza tena hadharani. Inaendelea kwa sababu mkulima ana mnunuzi mmoja aliyefika mlangoni siku hiyo, na anayekataa lumbesa anarudi na mzigo wake nyumbani.

Juu ya udhaifu huo ndipo serikali huongeza zuio. Julai 2011 Tanzania ilizuia mahindi kwenda nje. Juni 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza zuio jingine, akihutubia katika Sikukuu ya Idd mjini Moshi, akitaka watu wasage na kuuza unga badala ya nafaka. Hofu ya njaa ni hofu ya haki kwa kiongozi yeyote, na mwaka ule Kenya ilikuwa na ukame na bei ilipanda mno. Lakini zuio linafanya nini hasa pale Sirari? Bei ya Tarime inaanguka wiki ile ile kwa sababu mnunuzi anajua muuzaji hana pa kwenda. Bei ya Isebania inapanda. Pengo linapanuka, na pengo hilo ndilo mshahara wa anayejua kuvusha: mwenye lori, mwenye njia, mwenye kufahamiana na wanaolinda. Mahindi yanavuka kama kawaida. Kinachobaki upande huu ni hasara, na anayeibeba ni mwanamke mwenye magunia sita anayehitaji kuuza mawili leo. Kuhusu unga, vinu vikubwa vya kusaga na kufungasha kwa soko la nje havijengwi kwa tangazo la sikukuu, hasa pale tangazo lenyewe linapolegezwa kabla ya msimu unaofuata. Nani akope benki ajenge kinu kwa sera ya miezi sita?

Kenya nayo imefanya yale yale. Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka yake ya kilimo ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakapanga foleni mipakani. Siku chache baadaye zuio likaondolewa na kuwekewa masharti ya vyeti na usajili. Sumukuvu ni hatari ya kweli. Iliwahi kuua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Ingefaa kushughulikiwa mashambani, kwa vichanja vya kuanikia, maturubai na vipimo vya unyevu, kazi ya miaka. Nchi hizi mbili zimekuwa na umoja wa forodha tangu 2005 na soko la pamoja tangu 2010, na bado mfanyabiashara wa Sirari halali akijua kama kesho mzigo wake utakuwa bidhaa au magendo.

Ukitoka Tarime kwenda kusini unaingia wilaya ya Serengeti, makao yake Mugumu. Hapa mali kubwa ni wanyama. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa 1951, na mwaka 1994 mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yakatangazwa upande wa magharibi, katika maeneo ambayo Waikoma, Wanata na Waikizu walikuwa wakiwinda na kuchunga. Utalii wa Serengeti ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya fedha za kigeni nchini. Sitazungumza sana juu ya hoteli. Nataka tutazame shamba.

Tembo akiingia shambani Serengeti usiku, ekari ya mahindi inaweza kwisha kabla ya alfajiri. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho cha kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kulingana na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na kisichozidi ekari tano. Kwa kanuni hizo, shamba lililo ndani ya mita 500 halikupata kitu. Tuchukue ekari iliyotarajiwa kutoa magunia kumi. Hata kwa bei ya chini ya wakati wa mavuno, shilingi 40,000 kwa gunia, hiyo ni laki nne zilizoliwa, na katika kiwango cha juu kabisa cha kanuni hizo mwenye shamba alirudishiwa laki moja, tena baada ya tathmini, fomu na kungoja. Hakuna aliyekusudia hivyo, lakini gharama ya kumtunza tembo wa dunia nzima imewekwa begani mwa kaya moja ya kijiji cha mpakani. Kaya hiyo inafanya hesabu yake. Inapunguza eneo, inapanda mihogo au inaacha kulima kule karibu, na vijana wanalala kwenye dungu kulinda mazao badala ya kwenda shule wakiwa wamelala vizuri.

Mugumu ingeweza kula kwa wageni. Kaskazini kabisa ya hifadhi kuna lango la Bologonja, mkabala na Maasai Mara. Lilifungwa kwa watalii wakati mpaka na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, na halijafunguliwa hadi leo, ingawa mpaka wenyewe ulifunguliwa 1983. Sababu inayotolewa haikosi mantiki: likifunguliwa, makampuni ya Nairobi yataleta wageni kwa siku moja watazame nyumbu, warudi kulala na kulipa Kenya. Nakubali kwamba hatari hiyo ipo. Ila sera ya kujilinda ina maana pale inapotumika kujenga kitu nyuma ya ukuta, na kwa miongo mingi upande wa Mugumu ulibaki kuwa mlango wa nyuma wa hifadhi, wageni wakiingilia Arusha. Barabara ya Makutano hadi Natta na Mugumu, ambayo iko nje ya Hifadhi ya Taifa, ilisuasua miaka nenda miaka rudi. Wakati huo mjadala wa dunia nzima ulikuwa juu ya kipande kingine, kile cha kilomita 53 ambacho kingekatiza ndani ya hifadhi, kilichoahidiwa wakati wa uchaguzi wa 2010 na kuzuiliwa kwa lami na Mahakama ya Afrika Mashariki Juni 2014. Mahakama iliamua vema. Nyumbu zaidi ya milioni moja hawawezi kugombea njia na malori. Lakini mkulima wa nyanya wa Natta hakuhitaji lami ya kukata hifadhi. Alihitaji ile ya kumfikisha Musoma kabla nyanya hazijaoza.

Baada ya yote hayo upo mfano mmoja unaonipa moyo, nao unatoka kwenye dhahabu.

Sheria ya Madini ya 1998 iliandikwa kuwavuta wawekezaji wakubwa: mrabaha wa asilimia 3 tu, misamaha ya kodi, na mikataba iliyozuia masharti kubadilishwa. North Mara ilianza uzalishaji 2002 katika sheria hiyo. Kwa miaka mingi wengi walilalamika kwamba nchi inabaki na mashimo. Mrabaha ukapandishwa hadi asilimia 4 mwaka 2010, kisha 6 mwaka 2017, pamoja na asilimia 1 ya ukaguzi, na mwaka 2019 ikaundwa Twiga, kampuni ya ubia ambamo serikali ina asilimia 16. Hayo yameandikwa sana magazetini. Yaliyoandikwa kidogo ni ya mchimbaji mdogo. Mtu mwenye duara lake la kuchimbia na karasha ya kusagia mawe, akitaka kuuza gramu zake kihalali, alikuta kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, kodi ya zuio asilimia 5, mrabaha na ukaguzi. Jumla ilikaribia theluthi ya thamani ya dhahabu yake. Katika nchi jirani hakulipa hata senti ya hizo, na gramu kumi zinaingia mfukoni mwa shati. Hakuna askari wa kutosha duniani kulinda mpaka dhidi ya mfuko wa shati.

Januari 2019 wachimbaji wadogo waliitwa Dar es Salaam, mbele ya Rais Magufuli, wakasema hayo waziwazi. Mwezi uliofuata Bunge liliondoa VAT na kodi ya zuio kwao. Machi likafunguliwa soko la kwanza la madini, Geita, na mikoa mingine ikafuata, Mara ikiwemo: mtu anapima, anaoneshwa bei ya dunia ya siku hiyo, analipwa, anaondoka na risiti. Mzigo wa kodi na tozo ukawa karibu asilimia 7. Mchango wa wachimbaji wadogo katika maduhuli ya madini ukapanda sana, na umeendelea hivyo. Serikali ile ile iliyokuwa ikibishana na makampuni makubwa juu ya mabilioni ya dola ilipata fedha halisi kwa kumtoza mdogo kiwango anachoweza kukilipa na kumjengea meza ya kuuzia. Kilichobadilika kilikuwa ni kiwango na uhakika. Watu walikuwa wale wale, dhahabu ile ile, mpaka ule ule.

Kahawa haijapata Januari yake. Februari 2025 bei ya arabika New York ilivuka dola 4 kwa ratili, kiwango ambacho haikuwahi kukifikia kabla ya hapo. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, ina kituo pale pale Sirari, na aina zake chotara zinavumilia chulebuni na kutu ya majani, magonjwa yaliyowatia hasara wazee wa 2001. Mche upo, bei ipo, mvua za milimani zipo. Kijana wa Muriba mwenye nusu ekari ya kihamba cha babu yake anataka kujua mambo matatu kabla hajachimba shimo la kwanza: nani ataruhusiwa kununua kahawa hii mwaka wa nne, atalipwa baada ya siku ngapi, na makato yatakuwa kiasi gani. Ni maswali yanayojibika kwenye karatasi moja ya serikali, yenye tarehe ya kuanza na tarehe ambayo kabla yake hakuna atakayeigusa.